Nilivyoweza kuzisoma hotuba za viongozi wa China kwa Kiingereza mpaka zikanielea

Nikiwa masta tulipewa kusoma ripoti ya kiongozi wa China, Xi Jinping, kwenye Mkutano Mkuu wa 19 wa Chama cha Kikomunisti cha China, ile ya Oktoba 2017 aliyoisoma jukwaani zaidi ya saa tatu, tafsiri rasmi ya Kiingereza. Jamani ni ndefu! Halafu kila aya ni lazima tufanye hiki, tutaimarisha kile, tutashikilia hiki, macho yanasoma ila kichwani haingii kitu. Wenzangu wakasema propaganda tupu hii, wakaiweka pembeni. Mimi sikukubali, maana waraka kama ule unaandaliwa miezi na miezi, watu hawahangaiki hivyo kwa maneno matupu.

Kilichonifungua ni kurudi kwanza kwa Mao, mwanzilishi wa China ya kikomunisti, hotuba zake fupi. Juni 1945 akifunga Mkutano Mkuu wa 7 anasimulia kisa cha zamani cha mzee aliyeitwa mpumbavu, kaamua na wanawe kuchimba milima miwili iliyoziba njia mbele ya nyumba yake. Mzee mwingine anamcheka. Anamjibu, nikifa wapo wanangu, wakifa wapo wajukuu, ila milima haiongezeki urefu. Basi Mao anageuza hapohapo, milima yenyewe ni ubeberu na ukabaila, na Mungu atakayetusaidia kuing'oa ni umma wa China. Nikaisoma kwa sauti chumbani, aisee, hata kwa Kiingereza bado inapiga! Ndo nikaelewa haya maandishi yametengenezwa kwa ajili ya masikio, yanarudiarudia makusudi ili kada aende nayo mdomoni. Na zile namba pia, Uwakilishi Tatu wa Jiang Zemin aliyekuwa rais (chama kiwakilishe uzalishaji wa kisasa, utamaduni wa kisasa na maslahi ya umma), mambo manne ya kisasa ya Zhou Enlai aliyekuwa waziri mkuu wakati wa Mao (kilimo, viwanda, ulinzi, sayansi na teknolojia), unahesabu kwa vidole na huwezi kusahau.

Hata zile "lazima" zikaacha kunikera. Kichina sentensi ya namna hiyo mara nyingi haimtaji mtendaji, sasa Kiingereza hakiwezi kukaa hivyo, mfasiri anaweka "sisi" kila mahali, ndo maana inasikika kama mtu anakufokea ukurasa mzima.

Baada ya hapo nikachukua ripoti ya 2017 na ya Mkutano Mkuu wa 20, Oktoba 2022, nikaziweka sambamba kwenye skrini aya kwa aya. Hapa ndo utamu wote ulipo, kwa sababu lugha inayojirudia hivyo ikibadilika kidogo tu unaona. 2017 wanasema China bado iko kwenye kipindi muhimu cha fursa za kimkakati, yaani wakati mzuri wa kujiendeleza. 2022 sentensi ya jambo hilo hilo inasema fursa, hatari na changamoto zinakuja pamoja, na mambo yasiyotabirika yanaongezeka. Hakuna aliyetangaza kwa kelele kwamba mtazamo umebadilika, ila umeandikwa pale kwa utulivu kabisa, na insha yangu yote niliijenga juu ya hizo sentensi mbili.