Nilivyoweka sawa salari slipu na mafaili ya mishahara pale bekari

Mimi ndo nashika mishahara kwenye bekari moja hapa Morogoro, na naingia pale nakuta malipo yote yanaandikwa kwenye daftari moja, jina, kiasi, sahihi, basi. Mtu anakatwa hajui kakatwa nini, akiuliza anajibiwa "NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kodi hizo". Iliniuma kweli, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 27 kinataka kila malipo yaambatane na mchanganuo wa maandishi, na kama ni keshi iwe kwenye bahasha iliyofungwa, sio mnahesabiana noti pale dirishani wenzako wote wanaangalia.

Nikaanza na slipu, yaani karatasi ya mchanganuo wa mshahara. Nilizitengeneza kwenye Excel tu, hamna programu ya kununua. Chukua mtu wa 450,000 ambaye mwezi huo hana nyongeza yoyote: NSSF asilimia 10 ni 45,000, inabaki 405,000 ndo inayopigiwa kodi, hapo 270,000 ya kwanza haiguswi, inayozidi inakatwa asilimia 8 yaani 10,800, mkononi anaondoka na 394,200. Halafu chini naandika na ile 45,000 nyingine anayochangia mwajiri, hata kama haitoki kwake, ili akienda NSSF kuangalia michango yake ajue anatafuta 90,000.

Kazi ilikuwa kwa wapishi wa usiku. Mikate inaokwa usiku jamani, na masaa ya kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi yana nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa saa, ovataimu ni mara moja na nusu, siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ni mara mbili. Sasa hayo utayajuaje kama hakuna anayeandika muda wa kuingia na kutoka? Nikaweka karatasi ya mahudhurio pembeni ya oveni, kila mtu anasaini mwenyewe na msimamizi wa zamu anasaini. Kupata ya saa nagawanya mshahara wa mwezi kwa 195 (masaa 45 ya wiki mara wiki 4.333 za mwezi), kwahiyo 450,000 inakuja kama 2,308 kwa saa, ovataimu 3,462. Wiki za mwanzo walinung'unika wanasema tunachungwa, zilipotoka slipu zina mstari wa usiku na mstari wa ovataimu wakawa wananikumbusha wao karatasi ikiisha.

Kitu kingine nilichosimamia ni makato ya mikate iliyoungua. Zamani ikiungua trei wanakatwa watu wote wa zamu. Nikamwonyesha bosi kifungu cha 28: kumkata mtu kwa hasara lazima iwe kosa lake akiwa kazini, apewe maandishi na nafasi ya kujitetea, usizidishe hasara yenyewe, na makato hayo yasipite robo ya malipo yake. Bosi alisoma mara mbili akanyamaza, mwezi ule hakukatwa mtu.

Mafaili nayo, kila mfanyakazi ana lake, mkataba, slipu, mahudhurio, likizo, na haliondoki pale mpaka ipite miaka 5 tangu aache kazi. Watu wanaona ni makaratasi tu ya kujaza kabati, lakini dereva wetu mmoja aliyeacha kazi alienda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi (madai ya malipo ni ndani ya siku 60, msichelewe), akidai ovataimu na likizo. Mwajiri akishindwa kutoa mkataba au maelezo ya ajira ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Sisi tulifungua faili mbele ya msuluhishi, ovataimu zote zimelipwa na sahihi yake ipo, ila likizo ikaonekana kweli anadai, na akalipwa yote.

Ukipewa slipu ipige picha hapohapo uitunze kwenye simu, ya karatasi inafutika maandishi mapema sana hasa zile za printa ya risiti.