Keshava au Madhava? Tazama mikono

Sanamu ya Vishnu, mungu wa Kihindu, mwenye mikono minne na aliyesimama wima, ile ya shaba inayoonekana kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, huitwa "Vishnu" basi. Si kosa, ila mapokeo ya Kihindu yana majina 24 ya umbo hilohilo, Keshava na Madhava yakiwemo. Taji halibadiliki, wala uso, wala msimamo. Kinachobadilika ni kipi kimeshikwa na mkono upi.

Vishikwavyo ni vinne: shankha, kome kubwa la baharini linalopulizwa kama baragumu, chakra, gurudumu lenye makali, gada, yaani rungu, na padma, yungiyungi. Piga hesabu, 4 × 3 × 2 × 1, utapata mipango 24, na kila mpango una jina lake la Kisanskriti.

Anza mkono wa kulia wa chini, panda kulia juu, vuka kushoto juu, shuka kushoto chini. Kulia ni kwa sanamu, si kwako. Ukisimama mbele yake, basi, unaanzia chini upande wako wa kushoto na kwenda kama mshale wa saa. Keshava: padma, shankha, chakra, gada. Narayana: shankha, padma, gada, chakra. Madhava: gada, chakra, shankha, padma. Govinda: chakra, gada, padma, shankha.

Sasa msome Keshava kinyumenyume. Ametoka Madhava! Narayana naye anageuka Govinda. Ndiyo maana picha ya simu iliyopinduliwa kama kwenye kioo ni hatari: haiharibu picha, inabadilisha jina. Kabla ya kuandika jina chini ya picha, tafuta yajnopavita, ule uzi mtakatifu kifuani. Huanzia bega la kushoto la sanamu na kupita chini ya mkono wa kulia. Ukiuona bega la kulia, picha imegeuzwa.

Kinachosumbua zaidi ni padma. Mara nyingi ni ndogo, imelala kiganjani, na kwenye shaba iliyosuguliwa miaka mingi hubaki kijivimbe tu. Ikiwa tumba, hufanana na shankha. Tafuta mzunguko wa kome. Mkono uliovunjika na kuungwa upya nao usiuamini upesi, maana fundi huunga alichonacho.

Tena si kila Vishnu yumo kwenye orodha ya majina 24. Sanamu nyingi za India ya Kusini zina chakra na shankha kwenye mikono ya nyuma, huku mkono wa kulia wa mbele umeinuliwa kuashiria "usiogope" na wa kushoto umewekwa kiunoni. Hapo vinne havitimii. Mwite Vishnu, inatosha. Majina ya Krishna na Narasimha nayo yamo, lakini Krishna wa orodha hii hapigi filimbi kama kwenye picha zake za kawaida, wala Narasimha wake si lazima awe na kichwa cha simba. Vitabu vya kale vyenyewe hupishana kwenye baadhi ya majina, kwa hiyo andika mpangilio wa mikono kwanza, jina baadaye.

Kuhusu matamshi: Wahindu wengi wa Unguja asili yao ni Kachi na kwingineko Gujarat, magharibi mwa India, na Kigujarati huangusha "a" ya mwisho. Ukisikia Keshav, Narayan au Govind, ni majina yaleyale. Kwa Kisanskriti "a" hutamkwa, na kwenye Narayana uzito uko kwenye "ra", si kwenye "ya" kama ulimi wa Kiswahili unavyotaka.