Mradi wa siagi ya krimu iliyochachushwa: kumbukumbu ya maendeleo

Lengo, na tulipofikia

Tunataka siagi ya nyumbani yenye mafuta asilimia 82, harufu nzuri ya uchachu, na isiyovuja maji kisu kinapopita. Kiwango cha kimataifa cha Codex, mkusanyo wa viwango vya chakula, kinataka siagi iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 80, maji yasiyozidi asilimia 16, na mabaki makavu ya maziwa yasiyozidi asilimia 2. Siagi nyingi za nyumbani hazifiki hapo hata zikitoka kwenye krimu nzuri, kwa sababu zimebeba maji na mtindi (majimaji yanayoachwa siagi inapojitenga na krimu) ambao haukutolewa.

Kuchachusha na kusukasuka kumeshatulia. Kukanda bado kunarekebishwa. Samli imeanza.

Kila mkupuo ni kilo 2 za krimu yenye mafuta asilimia 38, yaani gramu 760 za mafuta. Mtindi unaotoka hubeba gramu 7 hivi, zinabaki 753. Ukizigawa kwa 0.82, siagi inatakiwa iwe gramu 918. Namba hiyo imeandikwa juu ya daftari, kwa kuwa mizani ndiyo shahidi wa kwanza: ikisoma gramu 1,000 hakuna cha kufurahia, siagi hiyo ina mafuta asilimia 75 tu na kilichoongezeka ni maji. Ikisoma gramu 800, mafuta yamekimbilia kwenye mtindi.

Krimu

Krimu inayofaa ina mafuta kati ya asilimia 35 na 40. Ya kuengua kwa kijiko juu ya maziwa yaliyolala huwa nyepesi kuliko hiyo, na huacha mafuta mengi chini. Mashine ya kutenganisha krimu kwa mzunguko, ile iliyobuniwa na Gustaf de Laval mwaka 1878, huondoa tatizo hilo kabisa, na zipo ndogo za kuzungusha kwa mkono. Maziwa ya mbuzi yanaihitaji zaidi, kwa sababu hayana protini inayokusanya chembe za mafuta ya ng'ombe zikapanda juu kwa haraka.

Kwa krimu ya pakiti, soma lebo. Iliyosagwa ili isitengane imevunjwa chembe zake za mafuta kuwa ndogo mno, nayo husukasukwa mpaka mkono uchoke. Iliyotiwa karajini au vitu vingine vya kuifanya nzito hushika povu na kukataa kuachia mtindi. Hizo ziachie keki.

Krimu mbichi tunaipasha hadi nyuzi 85 za Selsiasi, sufuria ikiwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, tunaishikilia hapo dakika 5, kisha tunaipoza upesi kwenye maji ya barafu. Nyuzi 66 kwa dakika 30 zinatosha kuua vijidudu vya maradhi, lakini joto la juu huharibu pia vimeng'enya vya lipasi. Vikibaki hai vitavunja mafuta polepole na kutoa tindikali ya butiriki, ile harufu ya matapishi ambayo chumvi wala viungo haviwezi kuificha.

Kuchachusha

Krimu ikishuka hadi nyuzi 22, tunatia gramu 50 za maziwa mgando mazuri yaliyo hai, ambazo ni asilimia 2.5 ya uzito wa krimu, tunakoroga taratibu na kufunika. Mtindi wa dukani wa aina ya yoghati haufai kuwa mbegu. Bakteria wake hupenda joto la nyuzi 40 na zaidi na ladha yao ni nyingine. Tunaowataka ni *Lactococcus lactis*, hasa aina ya diacetylactis, pamoja na *Leuconostoc*: hawa hula sitrati iliyo kwenye maziwa na kutoa diasetili, ambayo ndiyo hasa mtu huiita harufu ya siagi.

Saa 14 hadi 18 kwa nyuzi 20 hadi 22 zinatosha. Karatasi ya kupimia tindikali isome pH kati ya 4.7 na 5.0, na krimu iwe nzito, inayong'aa, isiyo na mapovu. Mapovu ya gesi na harufu ya hamira ni dalili ya chachu ya hewani kuingia. Mwaga, osha vyombo kwa maji yanayochemka, anza upya na mbegu mpya. Jikoni kukiwa na nyuzi 30, krimu huchacha kwa saa 7 au 8, lakini hutoka kali bila harufu. Dawa ni kuweka chombo kwenye beseni la maji na kutupia vipande vya barafu kila baada ya saa chache. Inachosha, ila tofauti inasikika hata kwa asiye na ulimi wa kuonja.

Kulaza kwenye baridi

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Krimu iliyochacha ikae friji, nyuzi 5 hadi 7, kwa saa 12.

Sababu ni hii. Chembe ya mafuta ya maziwa ina upana wa wastani wa maikromita 3 hadi 4 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na imevikwa utando wa protini na fosfolipidi, aina ya mafuta. Ili chembe mbili zishikane zinapogongana, ndani yake sharti pawe na mafuta magumu na mafuta majimaji kwa pamoja. Fuwele za mafuta magumu hutoboa utando, na mafuta majimaji huunganisha. Yakiwa magumu yote, hugongana na kuachana. Yakiwa majimaji yote, huungana ovyo, siagi hutoka kama grisi na mtindi hubaki mweupe mzito, umejaa mafuta. Fuwele hazijengeki kwa nusu saa ya friza, kwani kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 10 wakati ndani ya chembe bado ni majimaji.

Kusukasuka

Joto la kuanzia ni nyuzi 10 hadi 14. Ng'ombe anayekula majani mabichi hutoa mafuta laini zaidi, hivyo anza na 10 au 11. Wa malisho makavu hutoa mafuta magumu, anza na 13. Rangi nayo husaidia kukisia: njano iliyokolea hutoka kwenye karotini ya majani mabichi. Kwa siagi ya mbuzi au nyati usitumie kipimo hicho, kwani wanyama hao huigeuza karotini kuwa vitamini A na mafuta yao huwa meupe mwaka mzima.

Chombo kisijae zaidi ya nusu. Krimu huvimba kuwa povu, na ikikosa nafasi haigongani tena. Mtungi wa kioo wa kutikisa kwa mkono huchukua dakika 20 hadi 40. Mikisa ya keki ya mwendo wa kati dakika 8 hadi 12, ikifunikwa kwa taulo maana dakika ya mwisho hurusha mtindi ukutani. Blenda tumeiacha makusudi, kwa sababu visu vyake hupasha krimu moto na kuisaga siagi pamoja na maji yake.

Povu hukua, linakuwa gumu, kisha uso unapoteza mng'ao na kuanza kuonekana wa chengachenga wenye unjano. Hapo punguza mwendo. Sauti hubadilika ghafla, chombo kinaanza kubwatabwata, mtindi umeachia. Simamisha punje zikiwa na ukubwa wa mtama. Kuendelea mpaka litoke bonge moja kunaonekana kama ushindi, kumbe bonge hilo limefungia mtindi ndani ambao maji ya kuoshea hayaufikii tena.

Ikifika dakika 40 bila kuachia, pima joto kwanza. Chini ya nyuzi 9, weka chombo kwenye maji ya nyuzi 20 mpaka krimu ipande kwa nyuzi 2, kisha endelea. Joto likiwa sawa, shuku krimu nyepesi, chombo kilichojaa mno, au maziwa ya ng'ombe aliye mwishoni mwa kipindi chake cha kutoa maziwa, ambayo chembe zake za mafuta ni ndogo. Ikiachia kwa dakika 3 au 4, ilikuwa na joto mno: chuja haraka, mwagia maji ya barafu, na ukubali hasara kwenye mizani.

Kuosha

Chuja mtindi, uweke pembeni. Punje hurudi chomboni na maji safi ya kunywa, kiasi sawa na mtindi uliotoka, baridi kuliko punje kwa nyuzi 2 hivi. Maji ya barafu tupu hugandisha punje nje na kuzifanya zivunjikevunjike wakati wa kukanda. Geuza taratibu mara chache, mwaga, rudia. Mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke karibu kuwa maangavu.

Kuosha huondoa laktosi (sukari ya maziwa) na protini ambazo bakteria wangezila, lakini huondoa pia sehemu ya ladha iliyotafutwa kwa saa zote zile. Kwa siagi itakayoliwa ndani ya wiki, tunaosha mara moja. Ya kukaa, mara tatu.

Kukanda na chumvi

Joto la punje liwe nyuzi 14 hadi 16, miko miwili bapa ya mbao iloweshwe maji baridi nusu saa ili siagi isigande juu yake. Bonyeza, kunja, inamisha bakuli maji yatoke, bonyeza tena. Usiburute wala kusugua. Kusugua huvunja fuwele na kuacha siagi ya kunatanata isiyorudi hata ikikaa friji.

Kukanda hukamua maji ya ziada na kuyagawa yaliyobaki kuwa matone madogo mno. Katika tone dogo lililozungukwa na mafuta, bakteria hana chakula cha kutosha wala njia ya kutoka. Siagi mbili zenye asilimia 16 ya maji zinaweza kutofautiana kabisa kwa maisha: yenye matone makubwa huota ukungu kwanza.

Chumvi ni asilimia 1.5, yaani gramu 14 kwa gramu 918. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini chote huingia kwenye maji, ambayo ni gramu 147 hivi, na kuyafanya kuwa na chumvi karibu asilimia 9, zaidi ya mara mbili ya maji ya bahari. Itumike laini kabisa. Chumvi ya mawe haiyeyuki upesi, huvuta maji kuizunguka, na kesho yake siagi ina mabaka: yenye chumvi yamekolea rangi, yasiyo nayo yamepauka.

Kupima maji hakuhitaji maabara. Pima gramu 50 za siagi isiyo na chumvi kwenye kikaango kidogo kilichopimwa, pasha moto mdogo mpaka mlio na povu viishe, kabla ya kubadilika rangi, pima tena. Kikipungua gramu 8, maji ni asilimia 16. Kikipungua 10, rudi kwenye miko.

Samli

Gramu 500 za siagi isiyo na chumvi hutoa takriban gramu 400. Sufuria nzito, moto mdogo, bila kifuniko. Maji yakiwapo, joto hukaa karibu na nyuzi 100 na siagi huchemka kwa kelele. Yakiisha, kelele hupungua, joto huanza kupanda, na povu jipya, dogo na laini, hutokea juu. Tunaepua nyuzi 118 hadi 120, mashapo ya chini yakiwa kahawia ya dhahabu. Yakiwa kahawia iliyoiva, uchungu umeshaingia. Chuja kwa kitambaa cha pamba kwenye chupa kavu kabisa, maana tone moja la maji chini ya chupa linatosha kuleta ukungu. Ikipoa polepole kwenye nyuzi 28 hivi hutoka ya chengachenga. Ya friji hutoka laini, na wapo wanaoipenda hivyo.

Kuhifadhi, na mkupuo unaofuata

Mwanga, hewa na shaba ndivyo maadui. Funga siagi kwa karatasi isiyopenyeza mwanga, bila mfuko wa hewa, mbali na vitunguu kwa kuwa mafuta hunyonya harufu. Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hukaa miezi. Mtindi, zaidi kidogo ya kilo moja kwa mkupuo, hukaa friji wiki moja na huumua mikate ya magadi vizuri kwa tindikali yake.

Mkupuo ujao utagawanywa baada ya kuchuja: nusu ioshwe mara moja, nusu mara tatu, zote zikandwe kwa nyuzi 15 bila chumvi, zipimwe maji kwa kikaango, kisha zikae kwenye nyuzi 15 zikinuswa kila asubuhi mpaka mojawapo ibadilike.