Kidole cha Mwisho cha Baba

Juzi, baada ya kipindi cha mfumo wa fahamu, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinifuata mlangoni. "Mwalimu, neva ikikatika ndiyo basi?" Nikamwambia inategemea imekatikia wapi, nikamwahidi maelezo kesho yake. Usiku sikuandaa somo lolote. Nilikuwa namuwaza Baba na lile bati.

Ilikuwa Kibosho, masika, upepo umeng'oa paa la jirani na wanaume wamekwenda kusaidia. Bati likateleza, Baba akalidaka. Lilimchana juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole cha mwisho. Taulo, gari la kuazima, hospitali ya KCMC. Neva ya ulna, ile inayokwenda kidole cha mwisho, ilikuwa imekatika kabisa.

Baba alikuwa fundi cherehani, anashonea kwenye baraza ya duka mjini Moshi. Alipozinduka, swali lake la kwanza kwa daktari lilikuwa kuhusu uzi. Daktari akamjibu kwa heshima, kama fundi kwa fundi: uzi mwembamba kuliko unywele, umeshonwa kwa kutumia miwani ya kukuza. "Lakini mimi nimeshona ganda la nje tu, mzee. Nyuzi za ndani zitaota zenyewe."

Zikafuata wiki za bendeji na gango. Kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pete vilikufa ganzi. Kisha tukaanza kwenda mazoezi, na ndipo ninapotaka kukaa.

Dada wa fiziotherapia alikuwa mdogo kwa Baba kwa miaka mingi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Akaulaza mkono juu ya mto, kiganja kikitazama dari, akamwambia afumbe macho. Kwa ncha ya kidole chake akaanza kumgongagonga, taratibu, kuanzia ncha ya kidole kilichokufa, akirudi nyuma kuelekea kovu. Ncha, kimya. Pingili ya kati, kimya. Mimi nilikuwa nimeshika koti la Baba na nilikuwa nimeacha kupumua. Alipofika shinani mwa kidole, Baba akaruka kwenye kiti.

"Hapo! Shoti!"

"Unaisikia wapi, mzee?"

"Kwenye ncha."

Ncha hakuwa ameigusa. Akagonga tena palepale, na Baba akasema tena, kwenye ncha. Dada akatia alama ya kalamu. Baba akafumbua macho, akatoa tepu yake ya kupimia nguo mfukoni mwa shati, akapima mwenyewe kutoka kwenye kovu hadi kwenye alama. Mara iliyopita shoti ilikuwa inaishia kwenye kiganja. Alipima, akapima tena, halafu akaniita nisome namba.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilijifunza kwamba kipimo hicho kilielezwa mwaka 1915 na madaktari wawili waliokuwa pande zinazopigana vitani: Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani. Ndipo nikaelewa pia tulichokuwa tunapima. Seli zinazohisi kwa niaba ya kidole kile hazikai kidoleni. Zimekusanyika katika mafundo madogo kandokando ya uti wa mgongo, chini ya shingo, yaitwayo ganglia. Seli moja hunyoosha uzi wake kutoka huko hadi ncha ya kidole. Ukikatika, kipande cha mbele hufa; Augustus Waller alionyesha hivyo kwa ulimi wa chura mwaka 1850. Kisha masalia husafishwa na njia hubaki, kama mfongo, mfereji wa kumwagilia, unaofyekwa kabla maji hayajafunguliwa kutoka mlimani, na uzi mpya huifuata kwa mwendo wa kama milimita moja kwa siku. Kila milimita ile Baba aliyopima ilikuwa imegharamiwa shingoni.

Seli hiyohiyo ina tawi la pili linaloingia ndani ya uti wa mgongo, na hilo likikatika halioti kwa namna ya kutegemewa. Ndilo jibu la yule kijana. Ila mwaka 1984 watafiti Richardson na Issa walionyesha kwa panya kwamba tawi la nje likijeruhiwa, na la ndani hupata nguvu ya kuota. Kila nikiisoma habari hiyo nafurahi upya.

Maumivu ndiyo yaliyotushinda. Kidole kilipoanza kurudi, kilirudi kikiungua. Shuka tu likikigusa, Baba anaamka. "Mliniambia kinapona. Mbona kinawaka?" Mama alikuwa ananitazama mimi, msomi wa nyumba, na mimi sikuwa na neno. Leo ningemwambia kwamba nyuzi changa hulipuka kwa kuguswa kidogo tu, na kwamba hata zile seli za shingoni huweza kupiga kelele zenyewe bila kidole kuguswa. Sina hakika kama angelala.

Henry Head alijichagulia mateso hayo. Mwaka 1903, Uingereza, daktari huyo alikubali neva ya mkono wake ikatwe na kuunganishwa, kisha yeye na mwenzake Rivers wakafuatilia kwa miaka hisia zikirudi. Wagonjwa hawakuweza kumweleza vya kutosha, akaamua ayasikie mwenyewe. Namheshimu mno kwa hilo. Baba hakuchagua.

Hisia zilirudi, lakini nyingine zilipotea njia: ukimgusa cha mwisho, anasema umemgusa cha pete. Misuli midogo ya kiganja haikurudi yote. Kitambaa kikiwa kati ya gumba na kidole cha shahada, gumba linajikunja na kitambaa kinachomoka. Alirudi kwenye cherehani, kazi ya vifungo akamwachia mdogo wangu.

Niliwahi kumuuliza, kama angepewa kuchagua, angechukua ganzi au ule moto. Akasema ganzi, bila kufikiri. Mwaka uliofuata pasi ya mkaa ilimgusa kidole kilekile, akakivuta kabla hakijaungua. Nikamuuliza tena. Akasema nisimsumbue, ana sare za shule za kumaliza.