Kumbukumbu ya wembe: hatimaye shingo imekubali

Shingo imetulia. Nimepitisha kiganja kutoka kidevuni hadi kwenye ukosi wa shati na sikukuta kipele hata kimoja, wala ule muwasho unaoanza saa chache baada ya kunyoa na kukufuata hadi kitandani. Mashavu na kidevu vilishakaa sawa zamani, kwa hiyo sitavirudia. Anayefuatilia kumbukumbu hizi anajua kulowesha, kupaka povu na kusuuza. Leo ni shingo tu, tena upande wa kushoto, chini ya pembe ya taya, mahali padogo palipokaribia kunilazimisha nifuge ndevu hata kama sizitaki.

Kwa anayefika sasa: mradi ni kujifunza kunyoa ndevu mwenyewe bila kufundishwa. Nilikulia kwenye nyumba isiyokuwa na mtu mwenye ndevu, na zangu zilipoanza kuota hapakuwa na wa kusimama nami mbele ya kioo akaniambia "hapa legeza mkono." Kinyozi anajua kazi yake, lakini ukiwa umeegemeza kichwa nyuma huoni anachofanya, na yeye hana muda wa kueleza. Nilifurahi sana nilipogundua kwamba haja hii ni ya zamani. Mwaka 1769 fundi visu wa Paris aitwaye Jean-Jacques Perret alichapisha kitabu kizima cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe, na ndiye huyo huyo aliyebuni kinga ya mbao ya kuvalisha wembe ili usizame kwenye ngozi. Tangu nijue hilo nanyoa nikijihisi nina wenzangu.

Sasa tatizo.

Nywele zangu za ndevu zimejikunja. Hata shimo zinamootea ndani ya ngozi limepinda. Ukizikata, ncha inabaki mshazari, kali. Kutoka hapo kuna njia mbili za kuumia. Ya kwanza, nywele inatoka nje, inajikunja, inarudi na kuchoma ngozi jirani. Ya pili ni mbaya zaidi: ukiivuta ngozi wakati wa kukata, nywele inakatwa ikiwa imechomoza kuliko kawaida yake, na ukiachia ngozi inarudi chini ya usawa. Inaendelea kukua ikiwa humo humo na kutoboa ukuta wa shimo lake kutoka ndani. Mwili unaiona kama mwiba na kuipiga vita. Kile kipele chenye kichwa cheupe ni matokeo ya vita hivyo, na si lazima kiwe na vijidudu. Ndiyo maana dawa za kuua vijidudu nilizopaka kwa muda mrefu hazikugusa kitu.

Haya yote nilikuwa nayajua kwa kusoma. Kujua hakukuondoa vipele. Nilibadilisha sabuni, shavu likafurahi, shingo haikujali. Nilibadilisha nyembe, hivyo hivyo. Nilinyoa baada ya kuoga badala ya kabla, na hapo nitoe ushahidi kwamba maji ya uvuguvugu kwa dakika chache ni nusu ya kazi, maana nywele ikinyonya maji inavimba na kulainika, wembe unapita bila kuvuta. Uso mzima ulipata nafuu isipokuwa pale pale. Kulikuwa na asubuhi nilizotoka bafuni nimekasirika kweli, nikiangalia alama nyeusi zinazobaki baada ya kipele kupona, zikiongezeka moja pembeni ya nyingine.

Kilichofungua mlango ni pamba.

Acha ndevu zikue siku mbili hivi. Chukua kijipande cha pamba kavu, kipitishe polepole juu ya ngozi. Kikiteleza, unakwenda na nywele. Kikinasa na kuacha nyuzi, unakwenda kinyume. Vidole pia vinaweza, lakini vidole vinadanganya pale nywele zinapolala kwa upande, pamba haidanganyi. Nilikaa mbele ya kioo na kalamu ya wanja, kila pamba ilipoteleza nikachora mshale mdogo kwenye ngozi. Nilianza kwenye shavu, nikashuka. Nilipomaliza nilikuwa na mishale kuanzia masikioni hadi chini ya kikoromeo. Nikanakili yote kwenye karatasi, nikikumbuka kwamba kioo kinageuza kushoto na kulia, kwa hiyo nilichora kama ninavyojiona kwenye kioo, kwa sababu hivyo ndivyo nitakavyojiona nikinyoa.

Mashavu: yote chini, kama kila mtu anavyodhani. Shingo ya kulia: chini kidogo, halafu zinageuka kuelekea nyuma, upande wa sikio. Sehemu ya chini kabisa ya shingo, karibu na ukosi: zinaota kwenda JUU. Sikuwahi kuwaza kwamba nywele ya mtu mmoja inaweza kuelekea juu chini ya kikoromeo na kuelekea chini juu yake. Na kushoto, chini ya pembe ya taya, mishale ilizunguka. Ni kisulisuli kamili, kama kile cha utosini, ila ni kidogo. Nilikichora mara ya pili nikidhani mkono umeteleza. Kilikuwa pale pale.

Maana yake, mpito wowote mrefu na ulionyooka juu ya sehemu ile, uende juu, chini, au pembeni, lazima ukutane na baadhi ya nywele kinyume. Hakuna mwelekeo mmoja ulio sahihi. Na ushauri utakaoukuta kila mahali ni kwamba shingo uivute kwa mkono wa pili ili ngozi ikaze. Kwa mwenye nywele zilizonyooka nadhani ni ushauri mzuri. Kwa nywele za aina yangu ni kuzikata kinyume na chini ya usawa kwa pamoja, zile njia mbili za kuumia kwa mpito mmoja.

Njia iliyofaa ni hii, naiandika kwa kirefu kwa sababu natamani mtu angeniandikia mimi.

Kwanza shingo ilipumzishwa. Wembe ulikaa mbali kabisa na sehemu ile hadi vipele vyote vikaisha, na wakati huo nilitumia mashine ya umeme ya kupunguzia, nikiacha ndevu fupi kidogo ili nywele zilizokuwa zimezama zipate urefu wa kutoka. Asubuhi na jioni nilikanda kwa kitambaa cha maji moto, si ya kuunguza. Nywele iliyojitokeza kama kitanzi niliinua ncha yake kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti na kuiacha hapo. Usiing'oe. Ukiing'oa, itakayoota baadaye inaanzia chini zaidi, na inapojikunja inapata nafasi kubwa zaidi ya kuchoma.

Halafu wembe mmoja tu. Kishikio chenye skrubu, kile cha kutia wembe mwembamba wa makali mawili. Kichwa cha kishikio kinagusa ngozi kwanza, halafu unashusha mpini taratibu mpaka usikie makali yameanza kukata. Kwenye vishikio vingi huwa ni kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Usikandamize. Uzito wa chuma chenyewe unatosha, na ukishika mpini karibu na mwisho wake mkono unashindwa kukandamiza hata ukitaka.

Kwenye kisulisuli nilianzia katikati na kutoka nje, mipito mifupi isiyozidi urefu wa ukucha, nikifuata mishale ya kwenye karatasi niliyoibandika pembeni ya kioo. Kuelekea kidevuni. Suuza wembe. Kuelekea sikioni. Suuza. Kushuka. Suuza. Kila mpito juu ya povu, kamwe si juu ya ngozi iliyokwisha kupitiwa. Mkono wa pili uliwekwa kiunoni ili usijaribu kuvuta ngozi, na hilo lilihitaji nidhamu kuliko mengine yote. Mara moja tu, hakuna kurudia. Ukigusa baadaye unahisi vinywele vifupi kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Shingo laini kama kioo si lengo langu tena. Lengo ni shingo isiyouma.

Na sasa shabu, ambayo naipenda kuliko kifaa kingine chochote nilicho nacho. Watu wengi huijua kama ya kukaushia damu baada ya kujikata, lakini mimi naitumia kama kipimo. Baada ya kusuuza kwa maji baridi, napitisha jiwe la shabu lililoloweshwa juu ya uso mzima. Pale wembe ulipopita vizuri husikii kitu. Pale ulipokwangua ngozi bila kutoa damu, panawasha papo hapo. Asiye na mwalimu anakosa mtu wa kumwambia "hapo umekandamiza," na shabu inakuambia kabla hujavaa shati. Kwa miezi kadhaa sehemu ya kushoto iliniwasha kila mara. Siku niliyofuata mishale, nilipitisha jiwe nikakunja uso nikisubiri, na haikuwasha. Nilipitisha tena. Kimya. Nilipiga kelele bafuni mwenyewe.

Vichwa vyenye makali mengi: nina maoni makali, nayasema. Vimebuniwa ili makali ya kwanza yainue nywele na yanayofuata yaikate ikiwa bado imevutwa. Kwa nywele iliyonyooka hilo linaleta ulaini. Kwa nywele iliyojikunja ni kuizamisha makusudi. Mwenye vipele akiniuliza, namwambia aanzie hapo, aviweke kando, hata kabla hajagusa sabuni au mafuta. Manukato ya spiriti baada ya kunyoa nayo siyataki. Yanachoma kila mahali kwa usawa, kwa hiyo hayakufundishi kitu. Brashi ni nzuri, inainua nywele na kulisambaza povu hadi kwenye mizizi, lakini vidole vikifanya kazi polepole vinatosha, na aliyeanza asijinyime kunyoa kwa kukosa brashi.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa naambiwa kila siku: kunyoa hakuzifanyi nywele ziwe nene. Mildred Trotter, mtaalamu wa maumbile ya mwili wa Marekani, alilipima hilo na kuchapisha majibu mwaka 1928, na hakuona unene wala kasi ya kuota ikiongezeka. Nywele ambayo haijawahi kukatwa ina ncha iliyochongoka, iliyokatwa inaishia ghafla ikiwa bado nene, na vidole vinahisi tofauti hiyo. Basi.

Mpango wa mwezi huu ulikuwa kulinganisha sabuni, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu. Nimeuacha. Kuna kitu kimenishika.

Nilikuwa najiuliza kwa nini wembe mwembamba, chuma kigumu hivi, unachakaa kwa kukata kitu laini kama nywele. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walichapisha jibu. Nywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa takriban mara 50, na bado inauvunja. Walinyoa, wakaangalia makali kwa hadubini ya elektroni, na walichokiona zaidi ni makali kumeguka vipande vidogo sana, si kulika polepole kwa usawa. Humeguka pale ambapo nywele imeruhusiwa kupinda na kukutana na makali kwa mshazari, hasa ikigusa mahali ambapo chuma chenyewe hakina uimara ulio sawa kati ya upande mmoja na mwingine.

Soma tena: nywele inayopinda na kukutana na makali kwa mshazari. Hicho ni kisulisuli changu. Nywele zinazoelekea kila upande, chache zinakutana na wembe wima. Kama ni hivyo, sehemu ile ndogo haikuwa inaumia tu kwa sababu ya wembe, huenda ilikuwa inauharibu wembe pia, kisha wembe huo ulioharibika ndio niliomalizia nao shingo ya kulia. Na mimi siku zote nimeanza kunyoa upande wa kushoto!

King Camp Gillette alipata hataza ya wembe wake mwembamba wa kubadilisha mwaka 1904, baada ya mhandisi William Nickerson kufanikiwa kupata njia ya kukifanya kigumu chuma chembamba kiasi hicho. Chuma hicho ndicho nataka kukitazama kwa karibu. Hadubini ya elektroni sina, ila nimepata lenzi ndogo ya kubana kwenye kamera ya simu. Inatosha kuona mng'ao wa makali: sehemu nzima huwa mstari mweusi mwembamba, iliyoharibika inarudisha nukta ya mwanga. Mimeguko midogo kabisa haitaonekana kwa lenzi hii, ile mikubwa natumaini itaonekana.

Kwa hiyo mpango mpya. Wembe mmoja mpya utanyoa kisulisuli peke yake, kila mara, na mwingine mashavu peke yake, ambako nywele zote zinashuka kwa mwelekeo mmoja. Kila baada ya kunyoa, picha ya makali yote mawili kwa lenzi ile ile, taa ile ile, pembe ile ile. Upande mmoja wa kila wembe nimeukwangua alama ndogo pembeni ili nisichanganye makali. Jaribio likiisha na nikirudi kwenye wembe mmoja, nitageuza mpangilio: kulia kwanza, kushoto mwisho, wembe ufike kwenye kisulisuli ukiwa umeshamaliza kazi nyingine zote.

Chini ya pua bado sijapachora mishale. Pamba haipiti vizuri pale, pananyooka ukivimbisha mdomo na papo hapo mwelekeo unabadilika. Nitatafuta njia. Picha za kwanza za makali nitaziweka mara tu nitakapopata mbili zinazolinganika.