"Tumewapiga", "wamecheza ovyo"

Msikilize shabiki wa Simba au Yanga siku ya pili ya mechi. Timu ikishinda, "tumewapiga". Ikifungwa, "wamecheza ovyo". Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilionyesha hilo Marekani mwaka 1976: wanafunzi walivaa zaidi nguo za chuo baada ya ushindi, na "sisi" ikapungua timu ilipofungwa.

Shabiki kindakindaki hana mlango huo wa kutokea. Kipigo ni chake, mwilini kabisa. Kombe la Dunia 2006, siku Ujerumani ilipocheza, dharura za moyo eneo la Munich zilifika mara 2.66 ya kawaida, zikiwa juu zaidi ndani ya saa 2 tangu mpira uanze. Mwenye presha asiruke dawa siku hiyo, na kifua kikibana asisubiri filimbi ya mwisho.