Mpaka nyuso zikaonekana

Mama alinitumia sauti ya WhatsApp ya dakika moja na ushei. Salamu zilikula nusu yake kama kawaida, kisha akafika kwenye lililomkaa rohoni. "Baba, picha zako za barafu ni nzuri, lakini mbona nyie hamuonekani? Naona makoti tu. Wenyewe mko wapi?"

Nikazifungua tena zile picha. Mke wangu na binti yetu wamesimama mbele ya maporomoko ya Gooseberry, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani. Maji yameganda yakining'inia kama pazia, theluji imetanda kila upande, na ndani ya kofia za makoti kuna mashimo mawili meusi. Ukikuza sana unaona meno ya mtoto. Na theluji yenyewe, ambayo nilikuwa nimeisifia kwa mama wiki nzima, haikuwa hata nyeupe. Ilikuwa na rangi ya majivu ya jikoni.

Mimi ni mtoto wa Moshi. Theluji nimekua nikiiona asubuhi mawingu yakiruhusu, iko kule juu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mali ya watalii na wapagazi. Sikuwahi kuigusa mpaka nilipohamia Marekani, na majira yangu ya kwanza ya baridi niliyamalizia ndani, natoka kwenda kazini tu na kurudi. Kilichonitoa nje ni kamera ya mtumba niliyoinunua kwa jirani aliyekuwa anahama. Nikajisemea, kama karibu nusu ya mwaka ni theluji, bora niipige picha kuliko kuikalia kikao cha manung'uniko.

Kwa nini nyuso zilipotea? Nilielewa baada ya wiki ya kusoma usiku. Kamera haijui kwamba inatazama theluji. Kipima mwanga chake kinachukulia kwamba mandhari yoyote, ukiikoroga yote pamoja, itatoa kijivu cha wastani. Kwa barabara, miti na nyumba, hesabu hiyo inakubali. Ielekeze kwenye uwanja wa theluji, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na weupe wote unageuka majivu. Ngozi yetu, ambayo tangu mwanzo iko chini ya hicho kijivu cha wastani, inasukumwa chini zaidi mpaka inamezwa na kofia. Mzungu aliyesimama pale pale atatoka amefifia kidogo, lakini atatoka. (Enzi za filamu kulikuwa na la ziada: maabara za picha huku zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyeusi ilijitegemea. Kwenye picha zangu, lakini, Shirley hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la theluji na la mpiga picha.)

Dawa inayotajwa na kila mtu ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Unaongeza hatua moja hadi mbili, kila hatua ikiwa mwanga maradufu. Nikajaribu nyuma ya nyumba, mke wangu akiwa mwanamitindo asiyelipwa. Kwa +1 theluji ikarudi kuwa theluji, ila uso ukawa kama wa mtu aliyekaa chini ya mwembe saa sita mchana. Nikapanda mpaka +2, theluji ikaungua, ikawa karatasi tupu isiyo na hata alama ya nyayo. Basi nikaiambia kamera ipime kidoa kidogo tu cha katikati, nikakielekeza kwenye shavu lake. Hapo ikataka na shavu nalo liwe kijivu cha wastani, ikalimwagia mwanga, mke wangu akatoka rangi ya chai ya maziwa.

"Huyu ni nani?" akaniuliza. Akaingia zake ndani.

Ilinichukua muda kukubali kwamba hakuna namba kwenye kitufe itakayomaliza ugomvi wa theluji na uso. Theluji nipime yenyewe, niiache chini kidogo ya kuungua, kisha uso ndio nitafute jinsi ya kuupelekea mwanga. Na mwanga upo wa bure. Kule kwetu mpiga picha wa harusi anakuja na kijana wa kumshikia lile duara la kitambaa kinachong'aa, limrudishie bibi harusi mwanga usoni. Huku unakuwa umesimama juu ya duara hilo, tena lenye ukubwa wa kijiji. Kule Gooseberry nilikuwa nimewapanga watu wangu jua likiwa mgongoni mwao, kofia zimeshuka hadi kwenye nyusi. Nimekanyaga sadaka nikaomba sadaka.

Kabla sijafika kwenye picha yenyewe niseme juu ya baridi, maana ndiyo iliyonipa adabu.

Betri kwanza. Siku ile ya Gooseberry niliondoka nyumbani betri imejaa, na nusu saa baada ya kuanza kupiga picha kamera ikazima. Simu nayo ikafuata. Nikadhani nimeuziwa kimeo. Kumbe kemia ya ndani ya betri inazubaa kwenye baridi, na ukiipasha joto chaji iliyobaki inarudi. Siku hizi betri mbili zinakaa kwenye mfuko wa shati, chini ya sweta na koti, moja iko kazini. Ikizimia inaingia kifuani na nyingine inatoka, kama madereva wa basi la usiku. Simu inalala huko huko.

La pili lilinitia hasara. Nilirudi nyumbani siku hiyo hiyo nikaingia moja kwa moja jikoni na kamera shingoni, makande yanachemka, madirisha yametoa jasho. Kamera iliyokaa saa nne kwenye baridi ya hasi 15 ikakutana na ule mvuke. Ikaloa yote: kioo cha lenzi, skrini, na kibaya kuliko vyote, ukungu ukaingia nyuma ya kioo cha mbele ambako kitambaa hakifiki. Nami kwa haraka zangu nikaitoa tena kibarazani ikauke. Ikaganda. Mpaka leo lenzi ile ina doa linaloonekana ukipiga picha ukielekea jua.

Sasa nina utaratibu. Nikiwa bado nje natoa kadi ya picha naitia mfukoni, maana subira ya kutazama picha sina. Kamera inaingia kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, nauminya hewa itoke, naufunga. Ndani ya nyumba mfuko unaachwa sakafuni karibu na mlango saa mbili au tatu. Unyevu wote unatua juu ya plastiki, na kamera inapata joto taratibu ikiwa kavu. Mfuko ni wa senti chache, na lenzi nilijua bei yake nilipokwenda kuulizia nyingine.

Mengine ni madogo madogo. Miguu ya chuma ya stendi inanyonya joto la mikono hata kupitia glavu, kwa hiyo niliizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, ufundi wa kwetu kabisa. Theluji ikitua kwenye lenzi usiipulize, pumzi yako itaganda hapo hapo. Mimi natumia brashi laini ya poda, na mke wangu anajua ilikokwenda. Glavu navaa jozi mbili, nyembamba ndani na nene juu. Siku moja nilivua zote kwa dakika chache ili nibonyeze vizuri, ncha za vidole zikawa kama zimepakwa majivu na sikusikia kitu nilipoziuma. Nikazibana kwapani. Ganzi ilipotoka, maumivu yake sikuyategemea.

Jumamosi moja ya Januari tukaondoka Minneapolis saa kumi alfajiri. Safari ni kama kilomita 320 hadi Split Rock, mnara wa taa uliojengwa juu ya jabali mwaka 1910, miaka michache baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuangamiza meli kwenye pwani ile. Taa ilistaafishwa 1969, mnara upo. Chini yake ni Ziwa Superior, ambalo kwa eneo ni la kwanza duniani kati ya maziwa ya maji baridi, Victoria yetu ikifuata. Siku ile maji yalikuwa baridi kwa maana zote mbili. Utabiri ulisema hasi 8 za Farenhaiti, yaani karibu hasi 22 kwa hesabu zetu.

Tulishuka njia ya msituni kuelekea ufukwe wa mawe ulio upande wa kusini-magharibi mwa mnara. Viatuni tulivaa ile minyororo yenye meno, kwa sababu mawimbi yanarusha maji kwenye mawe na maji yanaganda yanapotua. Kila jiwe lilikuwa limevikwa kioo. Binti yetu nilimvuta kwenye kibao cha plastiki cha kutelezea, anaimba, vinyweleo vya pua yangu vimeganda kila nikivuta hewa.

Jua lilichomoza karibu saa mbili kasorobo, na ziwa likaanza kufuka kama sufuria ya uji. Maji yalikuwa juu kidogo ya sifuri na hewa iko chini mno, hivyo mvuke unapoinuka unageuka moshi. Nilipiga picha za mnara na moshi ule hadi betri ya kwanza ikazimia. Watu wangu nikawaacha. Ukitaka mnara uwe nyuma yao, saa hizo jua linatoka ubavuni na mgongoni mwao, na kosa hilo nilishalifanya. Tukarudi kwenye gari, tukanywa chai ya tangawizi kwenye chupa na maandazi yaliyokuwa magumu kama mawe ya ufukweni. Mke wangu akauliza kama picha moja inastahili kusubiriwa saa tatu. Nikamwambia ni ya mama. Akanyamaza.

Tulishuka tena saa tano na nusu. Sisi wa mji wa Moshi hatukukua na jua la namna hii. Kwetu saa hizo liko utosini na kofia yoyote inakutilia giza machoni. Huku, katikati ya Januari, hata adhuhuri halipandi zaidi ya digrii 22 hivi, linatembea pembeni mwa mbingu kama mtu anayeogopa kupita katikati ya uwanja. Kwa mpiga picha ni neema, kwa sababu linaingia chini ya kofia. Nikawageuza mpaka likawapiga kwa mbele na ubavuni, mnara ukabaki nyuma ya bega la mke wangu. Mbele ya miguu yao nilichagua theluji safi isiyokanyagwa, iwarudishie mwanga kutoka chini. Nikawaomba wasukume kofia nyuma kidogo, dakika mbili tu.

Nikapima theluji iliyopigwa na jua kwa kile kidoa cha katikati, nikaongeza hatua moja na theluthi mbili, nikafunga kila kitu kwa mkono ili kamera isije ikabadili mawazo: kasi 1/500 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, wepesi wa kunasa mwanga ISO 100. Kufokasi kukawa mtihani. Lenzi ilikuwa inakwenda mbele na nyuma kwenye weupe mtupu, haioni pa kushika. Aliyetuokoa ni mama mwenyewe. Mwaka uliopita alituletea kanga, nyekundu na nyeusi, na mke wangu alikuwa ameifunga juu ya koti ili bibi aione. Nikaelekeza lenzi kwenye pindo, pale nyekundu inapopakana na nyeusi, ikashika mara moja. Pindo la chini lilikuwa limerushiwa maji ya ziwa na limekakamaa kama ubao. Likigonga goti lilitoa sauti, ko, ko, na mtoto alicheka kwa hiyo sauti. Nilibonyeza hapo.

Nilipiga kama arobaini. Nyumbani, baada ya saa tatu za kutazama mfuko wa plastiki mlangoni (kadi nilishaimaliza zamani), nilichagua moja. Napiga kwa faili ghafi, ile isiyopikwa na kamera, kwa hiyo kwenye kompyuta niliweza kuinua vivuli kidogo bila kuigusa theluji. Kidogo tu, maana ukizidisha unarudi kwenye chai ya maziwa. Kivuli chao kwenye theluji kilikuwa cha buluu. Rafiki yangu mmoja alinishauri nikiondoe, akidhani ni hitilafu. Nilikiacha, kwa kuwa kivulini jua halifiki na kinachoangaza hapo ni anga, nalo siku ile lilikuwa la buluu.

Theluji ni nyeupe na nyayo zinahesabika. Kwenye shavu la mke wangu kuna rangi yake mwenyewe, ile ninayoijua, na chini ya kidevu, mahali ambapo kwa kawaida pangekuwa giza, pana mwanga laini uliotoka ardhini.

Mama hakujibu siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya tatu ikaja picha ya picha: ameipeleka studio mjini ikasafishwa kubwa, imetundikwa sebuleni karibu na kalenda ya kanisa, mwanga wa taa ya tyubu umekwaruza kioo cha fremu. Chini yake sauti ya WhatsApp. Salamu. Majirani wameiona. Mchungaji ameiona. Kisha:

"Sasa nawaona. Lakini baba, huyo mtoto kwenye baridi yote hiyo mbona sikio liko nje?"

Nikaikuza. Kweli, la kushoto.